Upasuaji wa makengeza: kinachobadilika na kisichobadilika katika kuona

Mzazi anayetoka kliniki ya macho pale Upper Hill, Nairobi, ameshika karatasi ya kumpeleka mtoto wake kufanyiwa upasuaji wa makengeza, huwa na swali moja analolirudia njia nzima: akishapasuliwa, ataacha miwani? Jibu mara nyingi ni hapana, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Ikiwa jicho limetengenezwa, mbona miwani ibaki? Na ikiwa upasuaji hauhusiani na kuona, mbona kuna watu wazima wanaoamka siku ya pili wakiona taa mbili darini badala ya moja, na wengine wanaolalamika kwamba maandishi ya simu yanawachosha kuliko zamani?

Tuanze na misuli yenyewe, maana iko ya aina mbili na watu huichukulia kuwa kitu kimoja.

Ya kwanza iko nje ya mboni, imeshikamana na ukuta mweupe wa jicho. Ni sita kwa kila jicho. Minne imekaa wima na ulalo: mmoja upande wa pua, mmoja upande wa sikio, mmoja juu, mmoja chini. Miwili iliyobaki inapita mshazari na husaidia kuliviringisha jicho pale kichwa kinapoinama. Kazi ya hii yote sita ni mwelekeo tu: kulipeleka jicho linakotakiwa kutazama. Hiyo ndiyo daktari anayoishika akinyoosha makengeza.

Ya pili imo ndani ya jicho, nyuma ya ile sehemu yenye rangi. Ni msuli mdogo ulioizunguka lenzi, nao umeunganishwa na lenzi kwa nyuzi nyembamba sana. Ukikaza, nyuzi zinalegea na lenzi inanenepa, nawe unaona vizuri kitu cha karibu. Ukilegea, nyuzi zinavutika, lenzi inakuwa bapa, nawe unaona mbali. Huko ndiko kulenga kunakofanyika. Daktari wa makengeza haingii huko kabisa. Hafungui jicho, hagusi lenzi, hagusi retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Kwa hiyo mtoto aliyekuwa na namba fulani ya miwani kabla ya upasuaji, kwa kawaida atatoka na namba ileile au iliyo karibu nayo.

Habari ingeishia hapo kama aina hizo mbili za misuli zingekuwa hazijuani. Lakini zinajuana sana. Ukisogeza kalamu kutoka urefu wa mkono mpaka karibu na pua, mambo matatu hutokea kwa pamoja bila wewe kuyaamuru: macho yote mawili yanageukia ndani, lenzi zinanenepa, na tundu la mboni linabana. Amri yote hiyo inatoka kwenye ubongo na kupita katika neva ya tatu ya kichwa. Ni kama maksai wawili waliofungwa nira moja: mmoja akivuta, wa pili hana budi kufuata. Ndiyo maana daktari akibadilisha mwelekeo wa macho, kulenga nako kunaweza kutikisika, ijapokuwa hakukuguswa.

Chukua mtoto wa miaka mitatu hivi ambaye macho yake yameanza kuingia ndani, hasa akitazama katuni kwenye simu ya mama. Mara nyingi mtoto huyu ana shida ya kutoona karibu kwa urahisi. Jicho lake ni fupi kidogo, na namba yake ya miwani ni dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) nne au tano za kujumlisha. Ili aone vizuri lazima lenzi yake ifanye kazi ya ziada saa zote. Na kila lenzi inaponenepa, macho yanavutwa ndani. Kengeza hilo limetokana na juhudi ya kulenga. Dawa yake ya kwanza ni miwani. Akivaa miwani kamili, lenzi inapumzika, na macho yananyooka. Wengine hunyooka kabisa, kisu hakihitajiki. Wengine hunyooka nusu. Hao ndio wanaofanyiwa upasuaji, tena kwa ile sehemu tu iliyobaki wakiwa wamevaa miwani. Daktari akinyoosha kengeza zima kana kwamba miwani haipo, siku mtoto atakapoivaa macho yanaweza kukimbilia nje. Mzazi anayeahidiwa kwamba upasuaji utamwondolea miwani mtoto wa aina hii, basi na auulize vizuri mpango huo, au atafute maoni ya pili.

Sasa geuza upande. Kuna watoto na watu wazima ambao jicho lao huponyoka kuelekea nje wakichoka, wakiwa na homa, au wakitoka nje kwenye jua kali. Utawaona wakivuka uwanja wa shule saa sita mchana wamefumba jicho moja. Wengi wao wana uwezo wa kulirudisha jicho ndani wakijitahidi. Na baadhi hulirudisha kwa kutumia ile nira: wanalazimisha lenzi inenepe ili macho yavutwe ndani. Macho yananyooka, lakini sasa lenzi imenenepa kupita kiasi, na vitu vya mbali vinakuwa na ukungu. Mwanafunzi anasema ubao hauonekani. Anapelekwa dukani, anapimwa haraka, anapewa miwani ya kutoa, ile ya kuonea mbali, ambayo pengine hakuihitaji yote. Mtu kama huyu akinyooshwa macho kwa upasuaji, haja ya kulazimisha lenzi inapungua, na ukungu ule unaondoka. Atakuambia upasuaji ulimwongezea uwezo wa kuona, na hatakuwa anakudanganya. Tofauti ni kwamba lenzi yake haikuwa na ugonjwa. Ilikuwa imebebeshwa kazi isiyo yake.

Ndiyo sababu mtoto mwenye makengeza hapimwi miwani hivihivi. Hutiwa matone ya kulegeza ule msuli wa ndani, kisha hupimwa lenzi ikiwa imetulia. Matone hayo huuma kidogo, hupanua tundu la mboni, na mtoto hushinda akikwepa mwanga. Ni kero, hasa kama mna matatu mbili za kupanda kabla ya kufika nyumbani. Lakini namba iliyopatikana bila matone, kwa mtoto mdogo mwenye makengeza, mimi nisingeiamini hata kama duka linang'aa vipi.

Kipimo kingine ni kile cha kuziba na kufunua, na ukikitazama kwa makini utaelewa mengi. Mtoto anaelekezwa atazame picha ndogo iliyobandikwa ukutani. Mpima anaziba jicho la kulia kwa kibao cheusi. Ikiwa jicho la kushoto linasogea ili kuishika picha, basi halikuwa likiitazama tangu mwanzo. Kisha analeta ufito wenye vioo vya pembetatu, yaani prizimu, vilivyopangwa kutoka dhaifu hadi kali, anavipitisha mbele ya jicho kimoja kimoja huku akiziba jicho hili na lile, mpaka aone jicho halisogei tena. Namba ya prizimu iliyolituliza jicho ndiyo ukubwa wa kengeza. Prizimu ya kipimo kimoja husogeza picha sentimita 1 kwa umbali wa mita 1. Kipimo hufanywa kwa mbali na kwa karibu, kwa miwani na bila miwani, na vizuri zaidi kirudiwe siku nyingine. Kinachukua muda, na watoto hawapendi kutulia. Lakini upasuaji wote unategemea namba hiyo.

Ndani ya chumba cha upasuaji, jambo la kwanza la kuwatuliza wengi ni hili: jicho halitolewi mahali pake. Uvumi kwamba huwekwa shavuni kisha kurudishwa haukuwahi kuwa kweli. Mtoto hupewa nusukaputi, kope huachanishwa kwa kifaa cha waya, na daktari hukata ule utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho. Kupitia hapo anaingiza ndoana ndogo chini ya msuli na kuuinua. Msuli wa upande wa pua umeshika ukuta wa jicho milimita 5.5 kutoka ukingo wa konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Daktari anaufunga kwa uzi unaoyeyuka wenyewe, anaukata pale ulipojishikiza, anapima kwa bikari ndogo, kisha anaushona nyuma zaidi. Ukirudishwa nyuma, nguvu yake ya kuvuta inapungua. Kama msuli unatakiwa kuongezwa nguvu, kipande chake hukatwa na uliobaki kushonwa palepale pa zamani, ukiwa umefupishwa.

Milimita hizo hazina mchezo. Kwa kengeza la ndani la prizimu 15, majedwali yanayotumika sana yanasema rudisha nyuma msuli wa upande wa pua milimita 3 kila jicho; likiwa la 35, milimita 5. Yaani nusu milimita inatosha kuleta tofauti inayoonekana. Na ukuta wa jicho, pale nyuma tu ya msuli unapojishikiza, una unene wa takriban milimita 0.3. Sindano lazima ipite ndani ya unene huo bila kutokea upande wa pili. Kutoboa ni nadra, ila ni hatari inayofahamika, na ni miongoni mwa njia chache ambazo upasuaji huu unaweza kudhuru retina na uwezo wenyewe wa kuona.

Daktari wa usingizi naye ana kazi yake. Msuli wa jicho ukivutwa, moyo unaweza kupunguza mwendo ghafla, kwa sababu ya njia ya neva inayounganisha jicho na moyo. Mlio wa mashine unapungua kasi, sauti inasikika, "Achia," daktari anaachia ndoana, na moyo unarudi. Ikibidi huchomwa atropini, dawa ileile ambayo kwa namna ya matone hutumika kulegeza lenzi wakati wa kupima miwani.

Kipimo hiki cha milimita hakikuwepo tangu mwanzo. Upasuaji wa kwanza wa makengeza uliofanikiwa ulifanywa Berlin na Johann Friedrich Dieffenbach mnamo Oktoba 1839, kwa mvulana wa miaka saba, miaka kadhaa kabla ya nusukaputi kuingia hospitalini. Yeye aliukata msuli tu na kuuacha ujishikize utakapopenda. Wengi waliofanyiwa hivyo katika miaka iliyofuata waliishia na jicho lililogeukia upande wa pili.

Baada ya upasuaji, siku za kwanza haziko safi. Jicho ni jekundu, linahisi kama lina mchanga, marhamu ya usiku inaacha ukungu hadi asubuhi. Hayo si dalili ya jicho kupoteza nguvu. Kuna badiliko jingine dogo ambalo watu hawaambiwi: msuli uliohamishwa unabadilisha mvuto kwenye ukuta wa jicho, na konea inaweza kupinda kidogo, ikaleta ukungu wa mwelekeo mmoja, wa herufi kuonekana zimevutwa. Kwa kawaida hutulia katika wiki au miezi michache. Kwa hiyo usikimbilie kununua miwani mpya wiki ya pili, hata kama duka la Moi Avenue lina punguzo. Vaa ya zamani, subiri wiki sita hadi nane au muda ambao daktari wako atasema, ndipo upimwe upya.

Kinachosumbua zaidi si konea bali ubongo. Mtoto aliyeanza makengeza mapema hujifunza kuizima picha ya jicho lililopinda, ndiyo maana haoni viwili. Ubongo wake umeweka eneo fulani la kupuuzwa. Mtu huyo akifika miaka thelathini, aamue kunyoosha jicho, picha sasa inaangukia mahali papya ambapo ubongo haukuwa umezoea kupapuuza. Anaona viwili. Wengi hutulia baada ya siku au wiki. Wachache hubaki na tatizo hilo, na ndiyo sababu mtu mzima hujaribishwa kwa prizimu kabla ya kupasuliwa, ili ionekane kama atavumilia kunyooshwa. Kwa mtu aliyepata kengeza ukubwani, mambo ni kinyume. Yeye alikuwa anaona viwili kila siku, anafunika jicho moja ili ashuke ngazi, na upasuaji unakuja kumtua mzigo huo.

Kulenga kwa karibu nako kuna uchovu wake. Misuli miwili ya upande wa pua ikilegezwa, kuyakutanisha macho kwenye ukurasa kunahitaji juhudi mpya, na kusoma kunaweza kuchosha kwa muda. Mtu aliyevuka arobaini anaweza kulaumu upasuaji bure, kumbe lenzi yake imeanza kukakamaa kwa umri na miwani ya kusomea ingemfika tu. Mwingine, aliyefanyiwa upasuaji wa jicho linalotoka nje, mara nyingi huachwa kwa makusudi macho yakiwa yameingia ndani kidogo, kwa kuwa baada ya muda huelekea kurudi nje. Siku hizo za kwanza ataona viwili akitazama mbali. Muhimu ni kwamba asiendeshe gari wala bodaboda mpaka hali hiyo iishe.

Upande wa faida, zipo mbili ambazo hazisemwi vya kutosha. Mtu ambaye macho yake yalikuwa yameingia ndani hupata uwanja mpana zaidi wa kuona kando, jambo unalolithamini ukivuka barabara ya River Road jioni. Na wengine, hasa watoto waliotibiwa mapema, huanza kuona kina: kujua chai imekaribia ukingo wa kikombe bila kukigusa, kudaka mpira bila kubahatisha. Kwa watoto waliozaliwa na makengeza au walioyaanza kabla ya kufikisha miezi sita, madaktari wengi hupendelea kunyoosha kabla ya miaka miwili, ili ubongo upate nafasi ya kujifunza kuyaunganisha macho. Hata hivyo kina kamili hupatikana kwa wachache. Watu wazima wachache pia hukipata, kwa hiyo si kweli kwamba umri ukipita basi upasuaji ni urembo tu. Na hata ungekuwa wa kurekebisha sura, mtu ambaye kila akiongea wenzake hugeuka nyuma wakijiuliza anamtazama nani, ana haki ya kutibiwa kama mwingine.

Jambo linaloniudhi ni hili la jicho vivu. Jicho ambalo ubongo uliliacha kwa miaka hubaki dhaifu hata likinyooka. Upasuaji hauliamshi. Linaamshwa kwa kuliziba jicho lenye nguvu ili dhaifu lilazimike kufanya kazi, au kwa matone ya atropini kwenye jicho hilo lenye nguvu. Kuziba si lazima kuchukue siku nzima: utafiti wa Marekani uliochapishwa 2003 ulionyesha kwamba kwa watoto walio chini ya miaka saba wenye udhaifu wa wastani, saa mbili kwa siku zilileta matokeo sawa na saa sita. Saa mbili zinaweza kuwa za jioni, nyumbani Umoja au Kangemi, mtoto akipaka rangi au akifanya kazi ya shule, bila kuchekwa na wenzake darasani. Tatizo ni kwamba mzazi akiona macho yamenyooka kwenye picha za harusi ya shangazi, anatupa kiraka. Mtoto anaendelea kutumia jicho moja, na hakuna anayejua kwa sababu sasa hakuna kinachoonekana.

Pia kuna makengeza yasiyosubiri. Kichanga wa wiki chache macho yake kutangatanga ovyo ni kawaida, na pua pana ya utotoni inaweza kufanya macho yaonekane yameingia ndani kumbe yako sawa. Lakini baada ya miezi minne hivi, kengeza lolote lipelekwe kuonwa. Lile la "atakua aliache" limewanyima wengi. Ukiona weupe ndani ya mboni, au picha ya simu ikionyesha jicho moja jeupe badala ya jekundu, nenda wiki hiyohiyo, kwa kuwa inaweza kuwa saratani ya retina ya watoto. Mtu mzima aliyeanza kuona viwili ghafla naye aende hospitali siku hiyohiyo: kisukari, shinikizo la damu, kiharusi au uvimbe kichwani vinaweza kuwa nyuma yake.

Nairobi huduma za macho zipo Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, zipo Lions SightFirst kule Loresho, na ukivuka mpaka wa kaunti kidogo kuna PCEA Kikuyu. Ulizia mapema sehemu ambayo SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipa, na uulize kama gharama uliyopewa ni ya jicho moja au mawili, kwa sababu kengeza la jicho moja mara nyingi hutibiwa kwa kugusa misuli ya macho yote mawili.

Uliza pia kuhusu mara ya pili. Si wachache wanaorudi, baada ya miezi au hata miaka kumi, kwa kuwa daktari anahamisha msuli lakini haubadilishi ubongo unaouamuru. Kwa watu wazima, baadhi ya madaktari hutumia mshono unaoweza kukazwa au kulegezwa saa chache baada ya mgonjwa kuzinduka, akiwa ameketi anatazama herufi ukutani na kusema kama anaona moja au mbili. Na ikiwa misuli kadhaa ya jicho moja ilishafanyiwa kazi, mwambie daktari mpya, tena umpe karatasi za zamani: mishipa ya damu inayolisha sehemu ya mbele ya jicho hupitia kwenye ile misuli minne, na kila msuli uliokatwa umeshapunguza njia hizo.